Mpini na Makali

Ndugu msomaji, kabla sijaanza naomba nikutoe wasiwasi. Katika kurasa hizi nitalitaja gongo mara nyingi, na wako watakaodhani kwamba mwalimu mstaafu sasa ameamua kuitetea pombe haramu. La hasha. Gongo ninalolisema mimi ni lile la kupigia mpira katika mchezo wa besiboli. Hata hivyo, baada ya yale niliyoyaona, siko tayari kuapa kwamba gongo la chupa limewadhuru vijana kuliko hili langu. Yote mawili huingia kijijini bila kuulizwa yametengenezwaje.

Mchezo wenyewe, kwa wasioufahamu, si mgumu kuueleza. Mrushaji husimama katikati ya uwanja, mita 18 na sentimita 44 kutoka kwa mpigaji. Humrushia mpira mdogo mgumu, wenye uzito wa gramu 142 hadi 149, uliozungushiwa nyuzi na kuvikwa ngozi. Mpigaji akiupata kwa gongo lake, mpira huo huweza kurudi ulikotoka kwa kasi kubwa kuliko ile uliyojia. Mpigaji huvaa kofia ngumu. Mdakaji aliye nyuma yake huvaa kinga ya uso na ya kifua. Lakini mrushaji, ambaye ndiye aliye mbele ya gongo, husimama uso wazi, na mkononi ana glavu moja tu.

Shule niliyofundisha miaka yangu ya mwisho kazini iko kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, mwendo mfupi ukishaipita Mafinga. Uwanja wetu ulikuwa wa mteremko, na mwezi wa saba ukungu ulikuwa ukikaa juu yake mpaka saa nne asubuhi. Hapo tulicheza kandanda, netiboli na mpira wa wavu. Siku moja wageni fulani wenye moyo mwema walituletea mfuko mrefu wa turubai. Ndani yake mlikuwa na magongo sita ya bati linalong'aa, glavu kumi na moja na mipira isiyopungua ishirini. Kijana mmoja aliyefuatana nao alikaa nasi wiki mbili akatufundisha. Alipoondoka, vijana walikuwa wameushika mchezo kama waliozaliwa nao.

Sitasahau mlio wa magongo yale. Yalilia kama kengele ya kanisa inayogongwa mara moja. Hata walimu waliokuwa wakisahihisha madaftari ofisini walikuwa wakitoka kutazama mpira umeangukia wapi. Mara nyingi ulikuwa umekwisha kuvuka barabara na kuingia katika misindano. Nasi tulifurahi, tukadhani vijana wetu wana nguvu za ajabu.

Mwaka 2018, jioni moja ya Ijumaa, mpira haukwenda kwenye misindano. Ulikwenda usoni kwa mrushaji, kijana wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye mkono mzuri kuliko wote. Hakuwahi hata kuinua glavu. Ukikokotoa utaona kwa nini: mpira unaokwenda kilomita 150 kwa saa hutumia chini ya nusu ya sekunde kuimaliza njia ile ya mita 18. Mfupa wa shavu ulivunjika. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa akipita, tukamlaza juu ya marobota. Alipona, lakini jicho la kushoto halikurudi kuona kama zamani. Hadi leo nikikutana naye stendi ya Mafinga hunisalimu kwa heshima zote, na kila mara hugeuza kichwa kidogo ili anione kwa jicho la kulia.

Mama yake alikuja shuleni Jumatatu. Nilijiandaa kupokea matusi, maana niliyastahili. Mimi ndiye niliyemsimamisha mwanawe pale. Lakini mama wa Kihehe hakuja kutukana. Alinisalimu, "Kamwene, Mwalimu," nikaitikia. Akakaa, akaomba aonyeshwe kilichompiga mtoto. Nikamletea mpira. Akautazama, akasema si huo, anataka kuliona gongo. Nikalileta. Akalipima uzito mkononi kama anayenunua mpini wa jembe, akaligonga kwa ukucha, likalia. Kisha akaniuliza:

"Mwalimu, huko lilikotoka, wao bado wanalitumia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipokea, nimeshukuru kwa niaba ya shule, nimepiga picha na wageni, wala swali hilo halikunijia hata mara moja.

Nililitafuta jibu. Nilimwandikia mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akisoma Marekani, nikamnakilia maandishi yote yaliyokuwa kwenye magongo yale. Jibu lake lilinifanya nikose usingizi. Magongo ya namna ile yalikuwa yamekatazwa katika michezo ya vyuo vikuu vya huko tangu msimu wa mwaka 2011, na katika shule za sekondari tangu mwaka 2012. Mwaka 2018, mwaka uleule wa jioni yetu ya Ijumaa, ligi za watoto wadogo nazo zilianza kutumia kiwango kipya cha magongo. Yaani sisi tulikuwa tukiyashangilia magongo ambayo wenyewe walikwisha kuyaondoa mikononi mwa watoto wao.

Sababu si siri, na fundi yeyote wa Mwanjelwa anaweza kuielewa. Gongo la mti limejaa na ni gumu. Mpira ukiligonga, unaobonyea ni mpira, na kule kubonyea hula sehemu kubwa ya nguvu. Gongo la aluminiamu ni bomba. Ukuta wake mwembamba hubonyea kidogo kisha hurudi, kama kitanda cha springi kinavyomrusha mtoto anayekirukia. Hivyo nguvu ambayo ingepotea hurudishwa kwenye mpira. Watengenezaji walishindana miaka mingi kuzifanya kuta hizo ziwe nyembamba zaidi na zenye kurusha zaidi, maana mlio ule wa kengele ulikuwa ukiuza. Mwaka 2003, katika jimbo la Montana, mrushaji wa miaka 18 alipigwa kichwani na mpira uliotoka kwenye gongo la aluminiamu, akafa. Kiwango kipya kilikuja kuliweka gongo la bati karibu na tabia ya gongo la mti. Hiyo ndiyo maana yake yote, ukiondoa herufi na tarakimu zinazochapwa juu yake.

Japani nao wamefika hapohapo. Shule za sekondari za huko ziliruhusu magongo ya bati tangu mwaka 1974, na mashindano yao ya Koshien hutazamwa na taifa zima. Kuanzia mashindano ya majira ya kuchipua ya mwaka 2024, unene wa gongo umeshushwa kutoka milimita 67 hadi 64, na ukuta wake umeongezwa kutoka kama milimita 3 hadi 4. Matokeo yalionekana mwaka uleule. Katika mashindano ya kiangazi ya mwaka 2023 mipira iliyompa mpigaji mzunguko mzima kwa pigo moja ilikuwa 23. Mwaka 2024 ilikuwa 7. Wako waliolalamika kwamba mchezo umepoozwa. Lakini kanuni haikubadilishwa, maana uso wa mtoto una thamani kuliko shangwe za jukwaani.

Hapo sina ugomvi nao. Nawapongeza. Ugomvi wangu unaanzia pale ambapo wao wanamalizia: gongo jipya likishakuwa halali, la zamani linakwenda wapi?

Msomaji wangu, hebu fikiri. Mwaka 2024 gongo jipya huko Japani liliuzwa kwa kama yeni 30,000 na zaidi, yaani kama shilingi 500,000 za kwetu. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilichotangazwa hapa nchini mwaka 2022 kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi. Kwa hiyo hakuna shule ya Iringa wala Mbeya itakayonunua gongo jipya kabla ya kununua chaki. Sisi ni watu wa kupokea. Na gongo la bati halina kazi nyingine duniani: haliwezi kulima wala kuwa mguu wa kitanda. Likikatazwa huko, ama huyeyushwa, ama huwekwa stoo, ama hugeuka kuwa msaada. Mimi nilikipokea kipande cha msaada huo kwa mikono yangu miwili.

Waswahili husema wao wameshika mpini, sisi tumeshika makali. Sijaona mahali ambapo maneno haya yametimia wazi kuliko hapa. Kiwango hutungwa na wao, hubadilishwa na wao kwa sababu zao nzuri, na siku kinapobadilishwa gharama ya mabadiliko huteremka mlima mpaka imfikie mtoto wa Mufindi, ambaye hakuwamo kikaoni.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: "Mwalimu, mchezo huu si wetu. Uacheni, chezeni kandanda." Huyu namwambia kwamba kandanda nayo haikuota Rungwe. Kilicho chetu ni kile tulichokishika. Wenzetu wa Uganda wameishika besiboli hata timu ya watoto wa Lugazi, mwaka 2012, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani. Mwaka mmoja kabla yake watoto wa Kampala walikuwa wamepata haki hiyo wakanyimwa viza. Mwaka 2015 watoto wa Mukono walikwenda tena. Hapa kwetu mchezo ulianza kuenezwa mashuleni miaka ya 2010 kwa juhudi za rafiki zetu Wajapani, na Dar es Salaam kuna uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania. Kijana wa nyanda za juu ana haki ya kurusha mpira kama kijana wa Upanga.

Wa pili ana hoja nzito zaidi, nami sitaipuuza. Atasema: "Gongo la zamani ni bora kuliko kukosa gongo. Ukilikataa, umewanyima watoto mchezo kwa ajili ya ajali moja. Mbona watu huvunjika miguu katika kandanda?" Ni kweli huvunjika. Mimi mwenyewe nina goti linalonitabiria mvua. Lakini kuna tofauti kati ya hatari iliyomo ndani ya mchezo na hatari iliyoongezwa kiwandani ili bidhaa iuzike, ikapimwa, ikaonekana imezidi, ikakatazwa. Ile ya kwanza tunaikubali sote kwa pamoja, tajiri na maskini. Hii ya pili wameikataa wenye nacho, ikabaki yetu peke yetu. Tena mtoto wao alipokuwa akilitumia gongo hilo alikuwa na glavu inayomkaa na daktari wa karibu. Wetu alikuwa na gari la mbao. Ikiwa gongo lilikuwa hatari kwa yule mwenye kinga nyingi, limekuwaje salama kwa mwenye kinga chache? Anayeweza kunijibu swali hilo anijibu mbele ya yule mama.

Sasa nije kwa wa tatu, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu, maana huyu ni wa nyumbani.

Baada ya ajali niliyafungia magongo yale stoo. Vijana walinuna mwezi mzima. Ndipo nikaenda Mafinga kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kukereza, ambaye kazi yake ni miguu ya vitanda na vinara vya ngazi. Nikamchorea gongo: mpini mwembamba, kitovu mwishoni ili lisichopoke, kisha linanenepa taratibu hadi kichwani, lisizidi milimita 66. Akacheka, akasema, "Mwalimu, huu ni mchi wenye kiuno." Tukaanza kujaribu. La msindano lilikuwa jepesi, lakini lilibonyea siku ya kwanza na kuvunjika siku ya tatu. La mkaratusi mbichi lilipasuka lenyewe likiwa limeegemezwa ukutani. La mkaratusi uliokaushwa kivulini miezi minane, mbao yake ikiwa imechaguliwa nyuzi zimenyooka bila fundo, lilikuwa zito kidogo, lakini lilidumu muhula mzima. Mlio wake haukuwa wa kengele. Ulikuwa kama wa mchi kwenye kinu. Mpira haukuvuka barabara tena. Wiki ya kwanza vijana walilidharau. Wiki ya tatu walikuwa wakigombea nani alitie alama ya jina lake kwa msumari wa moto.

Kumbuka, msomaji, tuko wapi. Tuko Mufindi. Sao Hill, shamba kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, limetuzunguka kwa misindano na mikaratusi. Malori ya nguzo na mbao hupita mbele ya shule usiku na mchana yakielekea Dar es Salaam na Tunduma. Watoto wetu wamezaliwa ndani ya harufu ya ulimbo. Nasi tulikuwa tukingoja fimbo kutoka ng'ambo!

Mwaka uliofuata tulitaka kwenda kucheza na shule nyingine mbali na kwetu. Nikabeba magongo yetu manne. Ofisa mmoja, ambaye sitamtaja wala ofisi yake, akayageuza-geuza akauliza, "Nembo iko wapi?" Nikamweleza kuwa ni mti mtupu. Akasema vifaa visivyo na nembo ya kiwango havitambuliwi, ila kama tunayo yale ya bati yenye maandishi, tulete. Nikamwambia yale yamekatazwa kwao. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Lakini yana nembo, Mwalimu."

Hatukucheza.

Nimelitafakari jibu lile miaka mingi sasa. Ofisa yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelelewa, kama wengi wetu, kuamini kwamba kiwango ni maandishi. Laiti angeuliza kiwango kinataka nini, angegundua jambo la kustaajabisha: kanuni zile za Marekani zinazodai alama juu ya gongo la bati haziidai juu ya gongo la kipande kimoja cha mti. Japani vilevile, mwanafunzi anaruhusiwa kutumia gongo la mti. Na kwa nini wadai? Gongo la mti ndilo kipimo chenyewe. Bati ndilo linalolazimishwa kufanana na mti, si mti kufanana na bati. Kwa hiyo magongo yetu manne ya mkaratusi, yaliyokerezwa na fundi asiyejua hata besiboli ni nini, yalikuwa karibu na nia ya kanuni kuliko lile gongo linalong'aa lenye nembo yake ya zamani. Wenye kanuni wasingeyakataa kwa kukosa nembo. Aliyeyakataa ni Mtanzania mwenzangu.

Basi nayasema haya bila kumung'unya maneno, kwa wale wanaosimamia michezo mashuleni kutoka Iringa hadi Mbeya na kwingineko.

Kwanza, msaada wa vifaa vya michezo uulizwe swali la yule mama: huko ulikotoka, bado unatumika kwa watoto? Kama umekatazwa kwa ajili ya usalama, ushukuriwe na ukataliwe. Kukataa si utovu wa adabu. Mgeni mwema ataelewa, na asiyeelewa hakuja kwa ajili ya watoto.

Pili, wageni wakitaka kutusaidia, walete vile ambavyo hatuwezi kuvitengeneza: kofia ngumu, kinga za uso pamoja na za mrushaji, na glavu. Gongo tutalikereza wenyewe. Na kwa watoto wadogo mpira mgumu si lazima. Wajapani wenyewe huwachezesha wadogo kwa mpira wa raba, na sisi tunaweza kuanza na mpira wa tenisi.

Tatu, gongo la mti mtupu, lililonyooka nyuzi, lisilo na ufa, lenye unene usiozidi kipimo, likubaliwe katika kila uwanja wa shule bila kuulizwa nembo. Mkaguzi alipime kwa rula na kwa macho. Rula tunazo.

Tangu mwaka 1967 tumefundishwa elimu ya kujitegemea, na wengi wetu tuliitafsiri kuwa ni kulima mahindi ya shule na kufuga kuku wa mwalimu mkuu. Mimi sasa naona ilikuwa ni jambo dogo zaidi na gumu zaidi: kuuliza sababu ya kitu kabla ya kukipokea, na kabla ya kukikataa. Kwa kutouliza nilipokea magongo sita, na jicho la mtoto wa watu likapungua nuru. Kwa kutouliza ofisa alikataa magongo manne, na vijana kumi na wanane wakarudi nyumbani juu ya basi la jioni bila kurusha hata mpira mmoja. Makosa yetu ni mamoja, nami sijioni bora kuliko yeye.

Yale sita bado ninayo. Nilipostaafu niliyaomba kwa mkuu wa shule akanipa, maana niliogopa asije mwalimu mwingine akayafungua. Yamelala chini ya kitanda changu, nyumbani. Mwaka jana mjukuu wangu aliyatoa, akaligonga moja sakafuni. Likalia kengele. Nilimnyang'anya, nikampa moja la mkaratusi, nikamwambia akacheze nje.

Sisi tumeushika ubapa wa makali kwa muda mrefu mpaka tumesahau kwamba mpini hutoka kwenye mti, na miti ni yetu.